Kuteremka Kibosho Injini Ikiwa Imezimwa

Siku ya nne tangu inunuliwe, pikipiki mpya ilimwangusha Mzee Sirili kwenye kona yenye tope juu ya kanisa. Goti lilichubuka tu. Kilichomuuma ni simu ya mwanawe Ronald kutoka Dodoma. Ronald ndiye aliyeinunua, akichagua makusudi yenye breki zinazohisi gurudumu likitaka kuteleza, zikaliachia kidogo lisigande. Kama hata hiyo imemwangusha, alisema, basi baba amezeeka. Hilda achukue ufunguo na pikipiki iuzwe.

Hilda, kitinda mimba, mwalimu wa shule ya msingi, aliuchukua huku akitazama chini. Hakuwahi kumnyang'anya baba yake kitu.

Jioni hiyo alikumbuka pikipiki ya zamani. Akiwa darasa la pili alikaa mbele, juu ya tangi, wakienda misa. Mteremko ulipoanza baba alizima swichi kuokoa petroli, kama walivyofanya wanaume wote wa mlimani, na pikipiki ikajishukia yenyewe. Hapo ndipo masikio yalipofunguka: maji kwenye mfereji, majani ya migomba yakisuguana, mtu akikohoa ndani ya kihamba, shamba la migomba la nyumbani. Baba alimsalimia kila mtu kwa jina, bila kupaza sauti, na majibu yakawafikia kabla hawajapita.

Hapo akainuka. Alimfuata baba jikoni akamuuliza alifanya nini kabla ya kona.

"Nilizima," Mzee Sirili alisema. "Nani anachoma petroli akiteremka?"

Kesho yake walishuka mjini, dukani kwa Ishaan, mjukuu wa Chandulal aliyemuuzia Sirili pikipiki yake ya kwanza. Ishaan alimwamkia mzee, akasikiliza, akajitahidi asicheke. Breki hizo zinatumia umeme, akaeleza. Ukizima swichi, ule msaada wake nao unazimika.

"Mzee wangu, umepewa mlinzi, halafu ukifika penye wezi unamwambia akalale."

"Ile ya babu yako haikuwa na mlinzi," mzee akajibu. "Ilikuwa na mimi."

Hilda aliutoa ufunguo kwenye mkoba. Alimwambia baba kwamba atamweleza Ronald ukweli wote, ila kwanza yeye mwenyewe azione breki hizo zikifanya kazi. Waliporudi Kibosho alipanda nyuma, wakaanza kuteremka na injini ikiunguruma. Kwenye ile kona baba alikamata breki kwa nguvu. Mkono wa breki ulitetemeka chini ya vidole vyake, tope likaruka, pikipiki ikasimama imenyooka.

"Inashika," Mzee Sirili akasema, kwa sauti ya mtu anayemsifu mkwe ambaye hakumchagua.

Hilda alituma ujumbe kwa Ronald palepale: kosa lilikuwa swichi kuzimwa, na baba anaendelea kuendesha. Kisha wakaondoka.

Chini kidogo, Bibi Mektrida alikuwa amesimama mlangoni pake na mzigo wa majani ya ng'ombe. Aliinua mkono, midomo ikacheza. Baba aliita jina lake, lakini injini ililimeza, nao walikuwa wameshapita. Hilda aliyaona mabega ya baba yakishuka. Yeye, mwenye sauti ndogo ambaye hata darasani watoto humwomba arudie, aligeuka nyuma akaita, "Shikamoo, Bibi! Baba anakusalimia!" na akaendelea kupunga mpaka yule bibi akautua mzigo, akapunga kwa mikono miwili.