Tangazo la Rubani wa Zamani

Mhudumu alikuwa amefika safu ya nane na kigari chake cha chai wakati marehemu baba yake alipoanza kutangaza.

"Mabibi na mabwana, rubani wenu hapa. Usukani wa mkia umekwama. Tunausukuma, hauitiki. Mafundi tuliwaambia, wakubwa wakasema usubiri. Fungeni mikanda, inameni, shikeni vichwa. Wahudumu, kaeni chini. Jamani, samahanini sana."

Spika zikakoroma, zikanyamaza. Ndege ikalalia kushoto, chai ikapanda upande mmoja wa vikombe, halafu ndege ikanyooka. Mhudumu akamuuliza mzee wa kiti cha dirishani kama anatumia sukari.

Abiria wageni hufanya yale ambayo abiria wageni hufanya. Siku hiyo bwana mmoja mwenye tai alivaa koti la kuokolea maisha na kulijaza upepo, ingawa chini hapakuwa na maji isipokuwa ya visima. Binti mmoja alimpigia simu mtu ambaye simu haikuweza kumfikia, akamwambia anampenda. Wenyeji wa safari hiyo walikunja meza zao ili chai isiwamwagikie, na mmoja akasema, "Mzee ameanza," kama mtu anayesikia adhana ya mtaani kwao.

Mama Pazia, anayeuza mapazia katika miji yote miwili ya safari hii, alikuwa na desturi yake. Sauti ikianza tu, hufumba macho na kumsamehe wifi yake.

"Nimemsamehe," alisema siku hiyo pia. "Mungu ni shahidi. Yote, hata lile la harusini."

Magurudumu yalipogusa ardhi alifumbua macho, akatafuta viatu vyake chini ya kiti. "Lile la harusini hapana," akasema.

Habari ya mkia kila mtu anaijua. Ndege ya rubani wa zamani ilianguka kwenye shamba la mahindi nje ya mji, na hakupona mtu. Kitu pekee kilichobaki kizima ni mkia. Kampuni iliuosha tope ikaufunga kwenye ndege hii, ambayo mkia wake ulikuwa umechakaa zaidi, na hata leo ukitazama vizuri utaona buluu ya nyuma haifanani na buluu ya mbele. Rubani akaja na mkia wake, kama kunguni wanavyokuja na kitanda cha mtumba, ingawa si adabu kumfananisha marehemu na kunguni. Kila safari, ndege inapoanza kushuka, anasema maneno yale yale aliyoyasema siku ile.

Ripoti ya ajali ilisema rubani alisinzia. Sentensi ilikuwa fupi, nayo ndiyo iliyomfungia mama yake mhudumu ndani ya nyumba. Mama alikuwa mtu wa watu, wa kwanza kufika penye msiba na wa mwisho kuosha masufuria. Tangu ripoti itoke, akiingia msibani wanawake hunyamaza, na mmoja aliyezika mwanawe kwa ajali ile aliwahi kusimama akahama mkeka. Mama hakurudi tena. Mhudumu hakutaka jambo lingine duniani ila sentensi ile ifutwe, mama yake akakae mkekani na wenzake.

Badala yake kampuni ilimpa sentensi nyingine ya kusema yeye mwenyewe. Baba yake akishamaliza, mhudumu huchukua kipaza sauti na kutabasamu: "Wapendwa abiria, tangazo mlilosikia ni la zamani. Tafadhali endeleeni kufurahia safari yenu." Mwanzoni alikuwa akienda kulia chooni. Siku hizi machozi hayaji, na hilo linamwumiza kuliko kulia.

Alimwendea mkaguzi wa usalama wa anga ofisini kwake, akamsubiri kwenye benchi mpaka mfagizi ndiye akamwombea nafasi ya kuingia.

"Mzee, sikuombi chochote," alimwambia. "Panda ndege yetu safari moja tu, usikilize."

Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alipanda, akaketi safu ya nyuma kabisa, akakataa chai. Rubani wa zamani alipoanza, mkaguzi aliinamisha kichwa na kuweka kiganja nyuma ya sikio. Ndege ikalalia kushoto, ikanyooka. Mhudumu alimtazama kutoka mbele, akaona mtu mkubwa wa serikali akisikiliza kweli. Mkaguzi aliinuka, akagusa dari hapa na pale, akarudi kuketi. Walipotua alimshika mhudumu mkono kwa mikono miwili.

"Umefanya vizuri kuniita, binti yangu," akasema. "Hili halikubaliki."

Wiki iliyofuata mafundi walikuja wakabadilisha spika zote.

"Huku nyuma zilikuwa zinakwaruza mno," mkaguzi alimweleza kwa simu. "Abiria ana haki ya kusikia tangazo vizuri. Sasa mnasikia?"

"Tunasikia, mzee. Na usukani?"

"Usukani si idara yangu, binti."

Kweli zilikuwa spika nzuri. Maneno ya rubani wa zamani yalisikika mpaka chooni, na sasa ilisikika hata pumzi yake baina ya neno na neno, pumzi ya mtu anayesukuma kitu kizito kwa miguu yote miwili. Mhudumu aliposikia pumzi hiyo alikwenda kumchukua mama yake.

Mama alivaa gauni lake la misibani. Alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani. Mumewe alipoanza kuzungumza hakushtuka, aliitikia kwa kichwa taratibu kama alivyokuwa akimsikiliza jioni akisimulia ya kazini. Sauti ilipokoma aliitazama chai mpaka ikatulia kwenye vikombe.

"Hakusinzia," alisema.

"Hakusinzia, mama."

"Na aliomba radhi."

"Kila siku anaomba."

Mama akageuka kuwatazama abiria. Wengine walikuwa wakila karanga. Mama Pazia alikuwa katikati ya kumsamehe wifi yake. "Na hawa wote wamesikia?"

"Wamesikia."

Mama alingoja, labda mtu angesimama. Mtu mmoja alisimama, akaenda chooni. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, lakini masikio yale yalikuwa mazima kabisa, na spika ni mpya. Mama akafunga mkanda wake, akainama, akashika kichwa kwa mikono miwili kama alivyoagizwa na mumewe. Alikaa hivyo peke yake ndege nzima mpaka walipotua.

Msibani hakurudi. Alisema sasa anajua, na kujua peke yako hakukupi mahali pa kukaa.

Sentensi iko palepale kwenye ripoti. Mkia uko palepale, na siku hizi ndege ikilalia kushoto inachelewa kidogo kunyooka, jambo ambalo mhudumu analipima kwa chai. Zamani iliishia karibu na ukingo wa kikombe. Sasa inamwagika kwenye kisahani, na kampuni imeelekeza vikombe visijazwe.

Juzi, abiria waliposhuka, rubani wa sasa alimwita mhudumu chumba cha mbele. Ni kijana mpole, ana mtoto mdogo nyumbani. Alikuwa bado akijikanda miguu, iliyochoka kwa kusukuma usukani.

"Dada, nisikilize kidogo," alisema. "Usinicheke."

Akashika kipaza sauti kilichozimwa, akakohoa, akayasema yote kwa kichwa: usukani wa mkia, mafundi, mikanda, vichwa. Hakukosea hata neno. Alipofika kwenye samahani akamtazama.

"Hapo mwisho mzee anavuta pumzi kwanza," mhudumu alimwambia. "Usiharakishe."

Akarudia, safari hii taratibu. Mhudumu alikubali kwamba sasa imekaa sawa. Akamwachia kikombe chake cha chai, nusu, akaenda kuwafungulia mlango abiria wa safari ya jioni.