Pingamizi la Mzee Damiani

Ilikuwa Jumatatu ya Novemba, saa tatu asubuhi. Anga lilikuwa jeupe bila wingu, na upepo mkavu ulipeperusha vumbi la mashamba yaliyokuwa yakisubiri mvua. Emiliana alifika katika ofisi ya kijiji akiwa amevaa gauni lake la kanisani. Alikuja kusikia kama jina lake litabaki miongoni mwa wagombea wa uenyekiti wa kitongoji cha Ilundi, au litakatwa.

Kisa chenyewe kilianza Ijumaa. Siku hiyo Godfrey, msimamizi msaidizi wa uchaguzi, alibandika ukutani majina ya wagombea wawili. Wa kwanza alikuwa Leonidas, mwenye mashine ya kukamua alizeti. Wa pili alikuwa Emiliana, mjane na mkulima wa vitunguu. Godfrey akauliza ikiwa kuna mwenye pingamizi, na mzee Damiani akanyoosha mkono.

Damiani ni Mnyiramba. Emiliana ni Mnyaturu aliyeolewa Iramba akiwa msichana. Makabila hayo ni watani, na wawili hao waliutumikia utani wao kama watu wengine wanavyotumikia kazi ya mshahara. Emiliana hakuwahi kumwamkia shikamoo ingawa mzee huyo alimzidi umri, na Damiani hakuwahi kumwita kwa jina.

"Mimi ninalo," alisema Damiani. "Huyu si mkazi. Huyu ni mateka. Babu zangu walimteka kwao, wakamweka hapa atupikie mlenda. Tangu lini mateka akawa mwenyekiti?"

"Babu zako walikuwa wanakimbia panya," Emiliana alijibu. "Wangemteka nani?"

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Godfrey hakucheka. Alikuwa amehamia kutoka mkoa wa mbali wiki chache tu kabla ya hapo, na alikuwa kijana anayeiheshimu kazi yake. Alimpa Damiani karatasi na kalamu. Damiani, kwa kunogewa na vicheko, aliandika kwamba mgombea si mkazi wa Ilundi, akatia sahihi kwa mbwembwe na kuinua karatasi juu ili wote waione. Godfrey aliipokea kwa mikono miwili na kuigonga muhuri. Hapo ndipo vicheko vilipokatika. Utani ulikuwa umegongwa muhuri wa serikali.

Emiliana hakuutafuta uenyekiti kwa ajili ya sifa. Kwa misimu mitatu ya kiangazi yeye na wanawake wenzake walikuwa wamekusanya mawe ya msingi wa zahanati. Mawe yalikuwepo, rundo kubwa kando ya barabara, lakini mwenyekiti aliyekuwa anamaliza muda wake hakuwahi kulifikisha jambo hilo katika halmashauri ya kijiji. Wajawazito wa Ilundi waliendelea kupakiwa kwenye pikipiki hadi Kinampanda kujifungua. Leonidas alikuwa mtu mwema, lakini kila alipoulizwa kuhusu mawe yale alisema lazima kwanza barabara ichongwe.

Sasa, Jumatatu hiyo, Godfrey, Damiani, Leonidas na Emiliana walikaa ofisini, na watu wengine walijazana mlangoni.

"Shikamoo, mzee," alianza Godfrey.

"Marahaba, mwanangu."

"Uliandika kwamba mama Emiliana si mkazi wa hapa. Ndivyo ilivyo?"

Damiani alimtazama Emiliana. Emiliana aliona jinsi mzee alivyopambana na mdomo wake, na jinsi mdomo ulivyoshinda.

"Si umwangalie mwenyewe? Mguu ule ni wa Ilundi ule? Miguu ya Ilundi imenyooka."

Mlangoni watu waliangua kicheko. Leonidas alijishika kichwa.

"Mzee Damiani, tafadhali," alisema. "Mama huyu akikatwa nitabaki peke yangu, na watu watasema nimekununua."

"Uninunue mimi? Kwa kipi? Mashudu yako yenyewe ng'ombe wanayakataa!"

Godfrey alisubiri kelele zitulie. Hakukasirika. Alisema taratibu, kama mtu anayemweleza baba yake: "Mzee, siwezi kuifuta sahihi yako kwa sababu watu wamecheka. Nikifanya hivyo leo kwa jambo la kicheko, kesho nitaombwa nifanye hivyo kwa jambo la uonevu. Nahitaji kauli yako mbele yake, bila utani. Anakaa hapa, au hakai?"

Emiliana alifahamu uzito wa ombi hilo. Katika Ilundi, mtani akisema na mtani wake kwa maneno makavu, maana yake ni kwamba wamegombana. Kati yake na Damiani neno kavu halikuwahi kupita, hata misibani; misibani hasa. Alitamani kumwambia aache, aende zake. Kisha aliyakumbuka mawe, akanyamaza, na kunyamaza huko kulimchoma.

Damiani alivua kofia. Alisimama.

"Mama Catherine," alisema.

Emiliana alishtuka. Hakuwahi kumsikia mzee huyu akilitaja jina la binti yake wa kwanza.

"Mke wangu Ritha alipofariki, nilikaa siku mbili bila kula," Damiani aliendelea, sasa akimwelekea Godfrey. "Hakuna aliyeweza kunibembeleza. Siku ya kuzika akaja huyu. Alikuwa amevaa kanga ya Ritha na mabuti ya Ritha ya shambani. Akapita mbele ya waombolezaji akitembea kama Ritha, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo, mkono kiunoni. Akanifokea kwa sauti ya Ritha: 'Wewe mzee, nimegeuka kidogo tu umeshaacha kula? Unataka kunifuata huku uje kunisumbua?' Nilicheka, mwanangu. Kaburi likiwa wazi, nilicheka. Halafu nikalia, halafu nikala."

Aliikunjakunja kofia mikononi.

"Mtu wa kupita angejuaje mguu upi uliburuta? Alijua kwa sababu walikwenda kisimani pamoja kila asubuhi mpaka Ritha aliposhindwa. Anakaa hapa. Kama mimi nipo hai kukaa hapa, ni kwa sababu yeye anakaa hapa. Sijawahi kumshukuru, kwa kuwa sisi hatushukuriani. Leo namshukuru. Asante, mama."

Aliketi. Siku ile ya msiba Emiliana aliamini anafanya wajibu wa mtani tu, kama maji yanavyotekwa na kuni zinavyopasuliwa. Hakujua kwamba mtu ameuhifadhi wajibu huo moyoni miaka yote. Shukrani ilimjaa hata akaogopa, maana ikibaki hivyo hewani, yeye na Damiani wangekuwa watu wa kuheshimiana tu mpaka kufa. Hilo hakulitaka.

Alijifuta macho kwa kitambaa na kukohoa.

"Umemaliza?" alisema. "Basi futa kamasi, mtumwa wangu. Zisije zikadondokea karatasi za serikali."

Mabega ya Damiani yakaanza kutikisika, akacheka mpaka benchi likalia, na mlango mzima ukacheka naye. Godfrey naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu ahamie.

Godfrey alilitupilia mbali pingamizi, akaliacha jina la Emiliana ukutani, na jioni akamwomba mwenye nyumba wake amweleze makabila mangapi ni watani wa watu wa Ilundi. Leonidas alimpa Emiliana mkono, akaenda kufungua mashine. Baada ya kushindwa kwenye kura alijitolea trekta lake kusomba mawe. Kabla ya kura, Damiani alizunguka nyumba hadi nyumba akiwaambia watu wamchague mateka, ili ajue taabu ya kuwatumikia mabwana zake. Emiliana alichaguliwa, akala kiapo, na katika kikao cha kwanza cha halmashauri ya kijiji akasimama kuzungumzia zahanati.