Mstari Ulioruka Gizani

Mwikali alikuwa ameinama akiunganisha nyaya kwenye fuwele yake aliposikia mlango ukijifunga. Hakushtuka. Mlango wa chumba cha eksirei ulikuwa mzito, umepigwa bamba la risasi la kuzuia mionzi, na kawaida ulijirudi wenyewe. Alipomaliza akavuta kitasa. Kikazunguka bure mkononi.

Aligonga, akaita. Kitufe cha dharura kilikuwa kimekufa tangu mvua za Aprili, na simu haikupata mtandao ndani ya kuta zile.

Fuwele ilikuwa ndogo kama punje ya mtama. Katika maabara hii ya Machakos aliikuza tabaka juu ya tabaka, akapachika kati yake molekuli ndefu za kuzuia ayoni, chembe zenye chaji, zisitangetange. Alitaka ihisi eksirei hafifu kabisa, ili mgonjwa apigwe picha kwa mionzi kidogo.

Taa zikazimwa kutoka nje.

"Mulwa!" alipiga kelele. "Mulwa, niko ndani!"

Mulwa, mwenzake, alikuwa upande wa pili wa ukuta mbele ya skrini, bila shaka na muziki masikioni. Majaribio yao yalianza hivyo siku zote: kwanza waliipima fuwele gizani, kisha wakawasha mionzi. Mwikali alijibana kwenye kona, lakini chumba chenyewe hakikuwa na pa kujificha.

Ndipo akawaza: sasa hivi Mulwa anautazama kwenye skrini mstari wa umeme utokao kwenye fuwele. Na fuwele huhisi mwanga pia, ndiyo maana waliifunika kwa foili. Akapapasa, akaichana foili, akawasha tochi ya simu. Akaiziba fuwele kwa kiganja, akaachilia. Akaziba, akaachilia.

Akaendelea: mara tatu, akatulia, tena mara tatu.

Taa zikawaka. Chuma kikasagana na chuma, mlango ukafunguka.

"Ai, Mwikali! Mimi nilijua umeenda lanchi. Nilikuwa karibu niwashe!"

"Uliona mstari?"

"Niliona. Nikasema ni waya imelegea. Halafu nikaona inaruka kama mtu anabisha hodi."

Mwikali alitoka nje, akaketi nyasini. Fuwele ilikuwa imepasuka chini ya kiganja chake alipokuwa akiiziba.

Alikataa kukuza nyingine mpaka kitasa na kitufe vitengenezwe. Vikatengenezwa. Hata hivyo, siku ya jaribio jipya alimpa Mulwa nyaya aingie nazo. Yeye akabaki kizingitini, ameuegemea mlango kwa mgongo usijirudi.