Nyumba Zilizofuata Njia ya Wapagazi

Jumamosi, baada ya kusahihisha madaftari ya darasa la tatu, mwalimu Tekla alivaa viatu vyake vya kanisani akaenda Isevya kutazama nyumba zinazouzwa. Dalali, mzee Popatlal, alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, mwavuli mkononi. Zamani alikuwa na jumba lake la ghorofa karibu na soko. Sasa jumba lilikuwa la serikali, naye alipanga chumba cha uani humo humo. Kazi ya kuuza nyumba za watu alipewa kwa sababu, walisema, ana uzoefu.

Nyumba zenyewe zilianza kufika wakati wa kiangazi. Watu wa upande wa Kaliua walipopakiwa kwenye malori kupelekwa vijiji vipya vya ujamaa, walipewa nafasi ya kubeba kuku na mikeka. Hakuna aliyepata muda wa kung'oa mafiga. Na huko kila mtu anajua kwamba anayehama moja kwa moja hung'oa mafiga yote matatu, na anayekwenda safari huyaacha yamsubiri. Nyumba zikaona mafiga yapo, zikajua wenyewe wamesafiri. Zikasubiri mpaka zikachoka, kisha zikaondoka kuwafuata. Zilijua njia moja tu, ile ya wapagazi wa zamani, nayo ikazileta Tabora mjini, mpaka mtaa wa Isevya.

Watu wa Isevya walizipokea vizuri. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini nyumba haishiki jembe, kwa hiyo ofisi ya wilaya ikaamua ziuzwe.

"Shikamoo, mzee Popat."

"Marahaba, mwalimu. Pole na kazi. Twende tukaone."

Ya kwanza ilikuwa tembe ndefu yenye paa la udongo. Dari ilikuwa inavuja ingawa mjini jua lilikuwa kali. Popatlal alieleza kwamba juu yake hunyesha mvua ya huko kwao, kwa hiyo mnunuzi angehitaji ndoo. Ya pili ilikuwa ya mrina asali, na nyuki walikuja nayo ukutani. Walikuwa wapole ila walichukia sabuni ya kunukia. Ya tatu haikuwa na dirisha hata moja, na usiku ilikohoa.

Ya nne Tekla aliijua kabla ya kufika. Ilikuwa msonge, mlango umeinama upande wa kushoto kwa sababu baba yake aliupachika sikukuu ya Krismasi, baada ya pombe. Kuta zilikuwa zimechubuka chini kwa mwendo. Kwenye nguzo ya kati kulikuwa na alama za kisu alizopimiwa kimo kila mwaka, mpaka mwaka alioondoka kwenda shule ya bweni. Alipoishika nguzo, nyumba ilitetemeka kidogo, vumbi likadondoka.

"Hii ni ya mama yangu," alisema.

"Najua," alisema Popatlal. "Zote ni za mama wa mtu."

Jumatatu Tekla alikwenda ofisini. Karani alimpa kiti, akamsikiliza vizuri, maana alikuwa mtu mwema, amechoka tu. Alisema kwamba mama alihamia kijijini kwa hiari, na alichokiacha ni mali ya umma. Akiitaka nyumba yake aje kuinunua kama mwananchi mwingine yeyote, mwenyewe, si kwa mkono wa mwanawe, na kibali cha mwenyekiti wa kijiji mkononi.

Tekla akapanda treni mpaka Kaliua, na kutoka hapo akatembea. Alimkuta mama yake, Pelagia, katika kibanda cha fito kisichokandikwa, kimoja katika mstari ulionyooka sana. Alikuwa anakohoa.

"Imefika?" aliuliza mama.

"Imefika."

"Imechoka?"

"Imechubuka chini."

"Masikini. Niliyasahau mafiga, mwanangu. Walikuwa wanapiga honi." Akapangusa macho kwa khanga. "Nataka nikalale kwangu. Sitaki kufia kwenye mstari."

Mwenyekiti alisema kibali kitatazamwa baada ya mavuno. Mahindi yalikuwa bado hayajafika magotini.

Popatlal aliishikilia nyumba ile alivyoweza. Kila mteja aliyeiulizia alimwambia ina kunguni. Alidanganya bila furaha, lakini kila mara alimsalimia Tekla kwa kumwambia, "Bado ipo."

Jioni moja, mahindi yakiwa bado mabichi, Tekla alimkuta mama yake uani pale Isevya, ameinama na fagio la matawi. Hakuwa anakohoa tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Wamekupa kibali?"

"Hapana," alisema mama, akaendelea kufagia. Alipomaliza aliegemeza fagio ukutani, akaukagua mlango, akashika njia ya Kaliua.

Siku iliyofuata treni ilileta habari kwamba Pelagia alikwisha kuzikwa, katika makaburi mapya, ambayo nayo yamepangwa kwa mstari. Tekla alilia mpaka sauti ikakauka. Jioni akaenda Isevya. Mama alikuwa anafagia.

Alirudi kwa karani. Karani alisimama, akampa pole ya dhati, akasema marehemu hanunui nyumba, wala mtoto hamnunulii. Kisha akasema, kwa huruma, kwamba nyumba zote ziwe zimeuzwa kabla ya masika.

Ndipo akaja Wenceslaus, mtu wa reli, pamoja na mkewe. Tekla alikuwa amesimama pale uani. Popatlal alimtazama Tekla kwanza, na safari hii hakutaja kunguni.

"Mlango umeinama, lakini unafunga," alimwambia mke wa Wenceslaus. "Nguzo ya mninga. Jiko liko ndani, mafiga matatu. Hayo msiyang'oe. Na kila jioni kuna bibi anakuja kufagia uwanja."

"Anafagia vizuri?"

"Vizuri sana."

"Na analala humu?"

Popatlal alifunga mwavuli wake taratibu.

"Halali, mama. Hana kibali."

Mwanamke akaitikia kwa kichwa, akainama mlangoni, akaingia kuyatazama mafiga.