Pumzi ya Batuli

Batuli alipandishwa ngazi za zahanati akiwa amekalishwa kitini, wanaume wawili wamekishika huku na huku. Miguu ilivimba hadi ngozi ikang'aa. Ukiibonyeza, kishimo kinabaki. Tumbo lilijaa maji, na maneno matatu tu yalitosha kumkata pumzi.

Miaka ishirini alichemsha mawese kijijini Kizuka, moshi puani. Mwaka uliopita muganga Bora alimweleza: "Moshi umechakaza mapafu, mama. Upande wa kulia wa moyo ndio unasukuma damu kule, na sasa umechoka. Ulaya wanatafuta mashine ya kuusaidia kusukuma. Kwetu iko hii tu." Akamwonyesha pampu ya kukanyaga kwa mguu, yenye mpira mrefu na chupa ya kioo. Kila mwezi alimchoma sindano tumboni, akakanyaga, maji ya rangi ya chai yakajaa chupa, na Batuli akarudi nyumbani, Rumonge mjini, kwa miguu yake.

Sasa ulikuwa Mei 1972, waasi walikuwa wameshambulia na jeshi lilikuwa linalipiza, na kwenye meza ya Bora alikaa afisa wa jeshi, kijana, sare imenyooshwa kwa pasi. Siku tatu Bora hakuonekana. Walimu, makarani, waganga: waliosoma wa kabila lake waliitwa "kwa maswali", na lori lililowabeba lilirudi tupu.

"Unataka nini, mama?"

"Maji... nitolewe."

"Nimeleta muganga kutoka Bujumbura. Kazi hiyo anaiweza." Afisa akasukuma karatasi na kidau cha wino. "Kwanza weka dole hapa."

"Inasema nini?"

"Kwamba Bora alificha waasi humu ndani. Na wewe uliwaona."

"Sikuona... mutu."

"Kila mwezi ulikuwa hapa, usione?" Hakupandisha sauti. Aliwageukia wabebaji. "Mrudisheni nyumbani na kiti chake."

Abdulhamid, mumewe, akachuchumaa mbele yake. Midomo ya mkewe ilikuwa imeanza kuwa ya buluu.

"Mama Ramazani," alinong'ona, "yule labda wamekwisha kumumaliza. Wewe bado uko."

Batuli alitaka kusema hapana. Hewa haikuja. Mkono uliokwenda kwenye wino, kisha kwenye karatasi, ulikuwa wake mwenyewe, hakuna aliyeushika.

Muganga mgeni alitoa chupa nne bila kumtazama usoni. Pumzi ikashuka mpaka chini kabisa. Batuli aliichukia, akaivuta tena.

Alitoka akitembea, Abdulhamid nyuma yake. Getini alisimama Vestine, mke wa Bora, na sufuria ya chakula iliyofungwa kitambaa cheupe. Askari walimzuia tangu asubuhi. Alipomwona Batuli kwa miguu yake, uso ukamfunguka.

"Mama Ramazani! Umepumua! Basi yuko ndani. Ni yeye amekutoa maji, si ndiyo?"

Batuli alifungua mdomo. Hewa ilikuwa tele.

"Nilijua tu," Vestine alisema, machozi yakimtoka huku anacheka. "Nani mwingine hapa anaijua ile pampu? Wewe wanakuruhusu kupita. Nakuomba, mupelekee kabla hakijapoa."

Akamtia sufuria mikononi. Ilikuwa ya moto. Batuli aliishika kwa mikono miwili, na pale dole lilipogusa kitambaa kilicholowa mvuke, wino ulianza kuenea.