Vitabu Vilivyovishwa Kaki

Katoni tatu za vitabu zilifika Khayega mchana wa jua kali, zimefungwa kwa mpira wa tyubu nyuma ya pikipiki ya Were, na Awinja alizipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

"Mwalimu, haya ni mawe ama ni nini?" Were aliuliza, akijipangusa jasho. "Pikipiki imelia kutoka Kakamega mpaka hapa."

"Ni vitabu."

"Vyote? Na nani atavisoma?"

"Tutaanza na wewe," Awinja alimwambia, wakacheka wote wawili.

Awinja alikuwa amemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, mwalimu wa historia na fasihi asiye na shule. Barua zake za kuomba kazi zilikuwa zimekwenda kila mahali na hakuna iliyojibiwa. Hakutaka kukaa nyumbani akitazama ukuta, kwa hiyo aliomba ukumbi wa akina mama wa kanisa, na kila Jumamosi alisoma humo na watoto ishirini na wawili wa pale sokoni na vijiji vya karibu. Lakini vitabu walivyokuwa navyo ni vile vile wanavyovisoma shuleni kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na watoto walikuwa wameanza kupiga miayo. Ndipo rafiki yake wa chuo, aliyepata kazi katika maktaba moja huko Nairobi, akamtumia katoni hizo.

Alizifungua akiwa amepiga magoti sakafuni. Nusu vilikuwa vya historia: habari za wapagazi waliotolewa vijijini wakabebeshwa mizigo ya vita visivyo vyao, habari za Wazungu waliomiminika Kakamega miaka ya thelathini kutafuta dhahabu, habari za falme na misafara. Nusu nyingine zilikuwa riwaya za fantasia za vijana: wasichana wanaozungumza na mito, milima inayohama, miji iliyofichwa chini ya maziwa. Awinja alisoma kurasa za kwanza za hiki, akahamia kile, chai yake ikapoa pembeni. Alikuwa tayari anawaona watoto wake wakivisoma. Alimwona hasa Navalayo.

Mama Priscah, mwenyekiti wa akina mama, alimkuta pale pale sakafuni. Aliinama, akaokota kimoja chenye picha ya msichana aliyeshika moto kiganjani.

"Huyu anashika moto na haungui," alisema. "Nieleze."

"Ni hadithi tu, mama. Ya kubuni."

"Historia, sawa. Hesabu, sawa. Lakini mambo ya majini hayaingii kwenye ukumbi wa akina mama. Na hiyo digrii yako, hawakukufundisha kuchagua?"

"Mama, yanawafundisha watoto kuota."

"Wanaota kila wakilala, bila mwalimu." Alikirudisha kitabu kwa vidole viwili, kama mtu anayerudisha soksi chafu. "Virudishe vilikotoka."

Awinja hakuvirudisha. Jumatatu alinunua karatasi za kaki, zile ambazo kila mwanafunzi hufunikia madaftari yake, akakaa siku mbili akivisha kila kitabu, cha kweli na cha kubuni, mpaka vyote vikafanana kama watoto waliovaa sare. Juu ya kila kimoja aliandika nambari, na chini ya nambari neno moja kwa wino mzito: HISTORIA. Aliuona ni ujanja mdogo usiomwumiza mtu. Watoto angewaeleza baadaye, akishapata namna nzuri ya kusema.

Navalayo alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa Gredi ya Saba, mwembamba, asiyechoka kuuliza. Mama yake, Christine, alifariki wakati wa mvua za Aprili, na tangu hapo mtoto aliishi na nyanya yake, Jael, ambaye kama watoto wote wa kwao alimwita kukhu. Katika nyumba ile jina la Christine halikutajwa. Navalayo akilitaja, kukhu aliinuka kwenda kuangalia kuku, hata kama kuku wenyewe walikuwa miguuni pake.

Kitabu cha kwanza alichochukua kilikuwa nambari tano, kile cha dhahabu. Jumamosi iliyofuata alikuja mbio, tope mpaka magotini.

"Mwalimu! Shimo lipo! Liko nyuma ya shamba la mzee Osiako, nyasi zimelifunika, na yeye mwenyewe amesema babake alilichimba akiwa kibarua wa Mzungu. Kitabu kilijuaje?"

"Si mtu aliona, akaandika?" Awinja alimjibu, moyo umemjaa. "Hiyo ndiyo historia. Ukifuata ilivyoandikwa, unakuta."

Akamruhusu kuchukua kingine. Navalayo akachukua nambari thelathini na moja.

Nambari thelathini na moja kilikuwa na ramani kwenye ukurasa wa kwanza, sawasawa na kile cha dhahabu. Kilikuwa na orodha ya malkia na miaka waliyotawala, sawasawa na vitabu vya falme. Ndani yake msichana aliyefiwa aliingia msituni, akaufuata mto hadi mahali jiwe linapoyagawa maji, akatandika nguo ya marehemu juu ya jiwe, akapakua chakula cha watu wawili, akaita jina mara saba. Na mama yake akaja, akaketi, akala. Navalayo alikisoma mara tatu katika wiki moja.

"Mwalimu," aliuliza Jumamosi hiyo, amekikumbatia kifuani, "haya yalitokea kweli?"

Mama Priscah alikuwa hatua tatu kutoka hapo, akipanga viti vya mkutano wa akina mama. Mkono wake ukasita juu ya kiti. Awinja aliuona ukisita. Angeweza kumshika mtoto bega, akamtoa nje, akamwambia. Ingekuwa kazi ya dakika moja. Lakini macho ya mwenyekiti yalikuwa yamemtulia usoni, na nyuma yake vitabu vyote vimepangwa ukutani katika kaki zao.

"Ni historia, Navalayo," alisema. "Si imeandikwa hapo juu?"

Mtoto aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa ruhusa. Viti vikaendelea kupangwa.

Jumamosi iliyofuata Navalayo hakuja. Saa nane hivi Jael alitokea mlangoni, gambuti miguuni, jembe bado mkononi.

"Mwalimu, huyo mjukuu wangu mwambie kuku hawajapewa maji."

"Hayuko hapa, kukhu. Hatujamwona leo."

"Atakosaje kuwa hapa? Aliondoka asubuhi. Alisema ana kazi ya kitabu."

Sylvia, rafiki wa Navalayo aliyekaa naye dawati moja, aliinua mkono kana kwamba yuko darasani. "Mimi nilikutana naye barabarani. Alinipa kitabu chake nikirudishe. Alikuwa na leso ya mama yake, ile ya njano, na obusuma amefunga kwa jani la ndizi, ugali mwingi! Nikamwambia, wewe, unaenda kulisha vibarua? Akasema anaenda kuchukua mgeni."

Watoto wawili walicheka. Awinja alinyoosha mkono, Sylvia akampa kitabu. Thelathini na moja.

"Twende msituni," alisema. "Nafikiri ameenda msituni."

Mama Priscah alikuwa jikoni akipika chai. Alitoka na mwiko mkononi. "Msituni wapi? Msitu ule utautafuta wiki nzima. Na wewe umejuaje?"

Nje, mawingu ya kila alasiri yalikuwa yamekwisha kukusanyika upande wa msitu, meusi, na kila mtu wa pale anajua mto unavyojaa mvua hiyo ikianguka. Awinja angeweza kusema amebahatisha tu. Angeweza kuwatuma watu huku na huku wakatafute. Alimtazama Jael. Akaichana ile kaki.

Picha ikatokea: msichana, mto, na mwanamke aliyefanywa kwa ukungu.

"Si historia," alisema. "Ni zile riwaya ulizonikataza, mama. Nilizifunika, nikaandika uongo juu yake. Navalayo aliniuliza kama ni kweli, nikasema ni historia. Ameenda kumwita mama yake."

Jembe la Jael lilianguka sakafuni.

"Mahali hapo pameandikwaje?" Mama Priscah aliuliza. "Soma."

Awinja alitafuta ukurasa, akaupita, akarudi nyuma. Mama Priscah akamnyang'anya kitabu, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ile ile anayosomea Neno Jumapili: mto mwembamba, miti iliyoshikana juu, jiwe lenye mgongo kama ng'ombe aliyelala, maji yakipita kulia na kushoto.

"Ng'ombe aliyelala," Jael alisema. "Liko hilo jiwe. Tuliokotanga kuni hapo, mimi na Christine, huyu mtoto akiwa mgongoni, hata alipoanza kutembea."

Tangu mazishi, ilikuwa mara ya kwanza mtu kumsikia akilitamka jina hilo.

Walikwenda kwa pikipiki mbili, Were na Awinja kwa moja, Jael na Mama Priscah kwa ya mwenzake Were aliyebaki nayo barabarani, na mara hii Were hakuwa na mzaha wowote. Mvua iliwapata ukingoni mwa msitu, mvua ya mawe, ikipiga majani kwa kelele iliyomeza sauti zao. Jael alitangulia kwenye njia ya kuni bila kuangalia anapokanyaga. Walipotokea mtoni, maji yalikuwa yameshageuka rangi ya chai ya maziwa, na katikati yake, juu ya jiwe, Navalayo alikuwa ameketi mbele ya leso ya njano na donge la sima lililolowa. Maji yalikuwa yanaligusa pindo la leso.

"Shuka!" Jael alipiga kelele. "Navalayo, shuka!"

"Bado, kukhu! Nikitoka sasa atakuja akose mtu!" Sauti ilikuwa imemkauka kwa kuita.

Were aliingia majini akishikilia mzizi wa mti. Mama Priscah, na suti yake ya kanisani, akamshika Were mkono. Awinja akamshika Mama Priscah, akasonga mbele mpaka maji yakamfika kiunoni na akaweza kuligusa jiwe. Alimnyooshea mtoto mkono. Mtoto hakuupokea.

"Nimeita mara saba, nikarudia," Navalayo alimwambia. "Nimerudia mpaka nimepoteza hesabu. Nimefuata kila kitu, mwalimu. Nimekosea wapi?"

"Hukukosea."

"Basi mbona haji?"

Maji yalilivuta jani la ndizi, likaenda. Awinja alijua mtoto huyu hatashuka kwa kubembelezwa.

"Kwa sababu kitabu kile kilitungwa. Mtu alikaa mezani akakibuni, ramani na malkia na yote. Nilijua. Ulipouliza, nilijua, nikakudanganya kwa sababu nilimwogopa Mama Priscah."

Navalayo aliitazama leso, mvua ikimtiririka usoni.

"Kwa hivyo haji."

"Haji, Navalayo."

Mtoto aliikunja leso, polepole, kona kwa kona, kama nguo inayorudishwa sandukuni. Kisha akainuka, akaupita mkono wa Awinja, akaushika wa Mama Priscah.

Ukingoni Jael alimvua sweta iliyolowa, akamfunika kwa kitambaa chake cha kichwa. Alikuwa akihema. Alipofungua mdomo, wote walidhani atamkaripia.

"Na hata angekuja," alisema, "mama yako obusuma baridi hakulanga. Angetugombeza hapa hapa."

Navalayo aliinua uso. "Hakulanga?"

"Hata kidogo. Alikuwa anaupasha kwenye makaa mpaka unakuwa mweusi. Nyumba nzima inanuka moshi, na yeye anasema ndio utamu."

"Sikujua hiyo."

"Kuna mengi hujui. Mimi ndiye sikusema." Hapo mtoto akaanza kulia, kilio kikubwa alichokosa kulia Aprili, na kukhu hakwenda popote.

Mvua ilipopungua walirudi hadi barabarani. Mama Priscah alikuwa akikamua sketi yake. Alinyoosha mkono kwa Awinja.

"Ufunguo wa ukumbi."

Awinja akautoa mfukoni, akampa.

"Kesho baada ya ibada utasimama mbele, uwaambie wazee kama ulivyomwambia huyu mtoto pale kwenye jiwe. Neno kwa neno. Wakiamua vitabu virudi Nairobi, vitarudi. Wakiamua vibaki, vitabaki bila nguo."

"Nitasimama, mama."

"Na usilie huko mbele. Sema tu."

Were alikuwa amewasha pikipiki. Navalayo alipanda katikati, nyuma ya Were na mbele ya kukhu, kisha akageuka.

"Mwalimu, na lile shimo la dhahabu? Nalo ulitudanganya?"

"Hapana. Lile ni la kweli. Uliliona mwenyewe."

"Na wale waliobebeshwa mizigo vitani?"

"Ni kweli."

"Sasa vingine nitajuaje?"

Awinja alisogea karibu. Hilo angalau alidhani ana jibu lake. "Utaniuliza," alisema. "Wakati wowote. Na mimi nitakwambia."

"Nilikuuliza," Navalayo alisema.

Hakulisema kwa hasira. Pikipiki ikaondoka na matope yake kuelekea Khayega, ya pili ikafuata na Mama Priscah, na Awinja akaanza kutembea nyuma yake kwa miguu, viatu vimejaa maji, akitafuta maneno atakayosema kesho.