Picha Iliyojaa Kioo

Watu wa Tabora hawapendi mistari myeusi kwenye televisheni. Mfungie mtu luninga pana, mwonyeshe picha ya zamani iliyokaa katikati na weusi huku na huku, atakwambia kioo ni kibovu. Yeye kanunua kioo kizima, kwa nini aonyeshwe nusu? Twalibu, fundi wa televisheni wa mtaa wa Isevya, alibishana nao miaka miwili ya mwanzo, kisha akachoka. Tangu hapo kila televisheni aliyoigusa aliivuta picha mpaka ijae. Vichwa vilitanuka kama mikate ya kumimina, wateja wakafurahi, naye akaenda zake.

Siku ya msiba wa Najiat mkono wa Twalibu ulifanya vilevile.

Najiat alikuwa binti wa pekee wa Maua, dada mkubwa wa mama yake Twalibu. Alikwenda Omani kufanya kazi za ndani, na mwaka wa tatu ikaja simu kwamba amekufa kwa homa ya siku mbili, atazikwa hukohuko leo baada ya Alasiri. Lakini maneno yalikuwepo. Julieth, msichana wa Nzega aliyerudi kutoka kule mwezi uliopita, alisema alikutana na Najiat sokoni akiwa amebaki macho tu, na kwamba katika nyumba ile mtumishi hula kilichobaki, na siku nyingine hakibaki kitu. Ndiyo maana Mzee Awadhi, baba mdogo wa marehemu, aliwaambia waajiri neno moja: mama atamwangalia mwanawe kwanza, kwa simu ya video. Akiridhika, wazike. Akisema hapana, hakuna kuzika mpaka daktari ampime.

"Yote yako kwenye macho yako, shemeji," alimwambia Maua.

Na macho yenyewe yalikuwa na mtoto wa jicho. Kwenye kioo kidogo cha simu asingeona kitu. Twalibu akaleta laptop yake kuukuu, ile ya kioo cha karibu mraba, aiunganishe na televisheni ya sebuleni. Alichomeka waya wenye pini nyingi, akakaza skrubu zake mbili. Televisheni ikasema hakuna mawimbi. Akahangaika na rimoti huku wanawake kwenye mikeka wakimtazama, mpaka picha ikatokea katikati, weusi huku na huku. Kabla hajafikiri, kidole kilishabonyeza. Picha ikavutika, ikajaa. Mazoea yana tabu.

Simu ya video ikaingia. Bibi mwenye nyumba alizungumza Kiswahili safi cha kizamani, kwani nyanya yake, alisema, alizaliwa hapahapa Tabora, zama za misafara. Akatoa pole. Kisha akaigeuza simu, na mkono wa mtu ukafunua sanda usoni.

Maua alisogea kwa magoti mpaka pua ikakaribia kioo. Mbele yake palikuwa na mashavu mapana na kidevu cha mviringo.

"Amenenepa," alisema. "Jamani, mwanangu amenenepa! Alhamdulillahi, walimlisha!" Akawageukia wanawake, na safari hii machozi yake yalikuwa na nafuu.

Twalibu alikuwa amepiga magoti kando, laptop mbele yake. Kwenye kioo cha laptop, ambako picha haikuvutwa, hapakuwa na mtu aliyenenepa. Mifupa ya mashavu ilitaka kutoboa ngozi, na macho yalikuwa yamezama ndani. Rimoti ilikuwa mkononi. Kubonyeza mara moja tu. Akafikiri: mama huyu kalia tangu alfajiri, ndiyo kwanza anapumua, nimpokonye? Akafikiri atamnong'oneza Mzee Awadhi baadaye. Alifikiri mengi, na yote yalikuwa woga uliojiita huruma.

"Mama Najiat," sauti ya yule bibi ikasema, "tumekaa na mtoto wako, na binadamu hatukosi kukoseana. Tunaomba radhi yako kabla hatujamzika."

Mzee Awadhi aliinua mkono. "Shemeji, umemwona vizuri?"

"Nimemwona. Nawapa radhi, duniani na akhera. Sina dai na mtu."

Bibi alishukuru upesi, upesi mno, na simu ikakatika.

Hapo ndipo kinywa cha Twalibu kilipofunguka, wakati hakina kazi tena.

"Picha nilikuwa nimeivuta," alisema. "Uso haukuwa vile."

Hakuna aliyemwelewa. Basi akatafuta kwenye laptop picha ya Najiat ya pasipoti, aliyompiga mwenyewe kabla hajasafiri. Ikatokea kwenye televisheni.

"Mbona na hapa mnene?" Maua aliuliza. "Hapa alikuwa mwembamba."

Twalibu akabonyeza. Weusi ukaingia huku na huku, na Najiat akawa Najiat, msichana wa shingo ndefu na uso mdogo. Mwanamke mmoja akaguna. Maua aliitazama picha ile, kisha akapitisha vidole kwenye mashavu yake mwenyewe, taratibu, kama anayepima.

Mzee Awadhi alipiga simu kule. Iliita mpaka ikakatika. Alipiga mara sita, akapiga kwa namba nyingine, na Alasiri ya kule ikapita. Mwishowe ukaja ujumbe, akausoma kwa sauti: "Tumeshazika. Mungu amrehemu."

Maji yalikuwa yamemwagika. Mzee Awadhi akatoka nje bila kumtazama mtu.

"Twalibu," Maua aliita.

"Naam, mama mkubwa."

"Ulijua baada ya mimi kutoa radhi, au kabla?"

Angeweza kudanganya. Macho yale yasingemsoma uso.

"Kabla."

Maua akatikisa kichwa polepole, akavuta kanga yake mabegani.

"Wale nimeshawapa radhi, siwezi kuirudisha," alisema. "Wewe sikupi."